Asidi ya Miwa na Nadhiri ya Doña Mélida

Juu ya friji ya Yudelka palikuwa na kichupa cha kahawia ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mumewe Danilo, aliyekuwa mpishi katika hoteli za watalii za Bávaro na kuja nyumbani wikendi moja moja. Doña Mélida, mama yake Yudelka, kila alipofuta vumbi pale juu alikinyanyua kwa vidole viwili huku amekunja uso, utadhani amekamata mende, kisha akakirudisha mahali pake.

Ndani ya kichupa mlikuwa na asidi ya glaikoliki. Jina hilo liliwashinda watu wengi wa kijiji chetu cha Jobo Solo, na kwa kuwa Nurys wa saluni alisema asili yake ni miwa, sote tukaiita asidi ya miwa, tukamaliza. Miwa tunaijua. Imetuzunguka pande zote, na mtu akitaka kuona mbali inabidi apande juu ya paa.

“Baba yako alikata miwa tangu kijana mpaka mgongo ukakataa,” Doña Mélida alisema siku kichupa kilipoingia nyumbani. “Maji yake yalimtiririka usoni kutwa. Umesahau ngozi yake ilivyokuwa? Ungeweza kukunia nazi.”

“Si maji ya muwa hayo, mama. Hii inatengenezwa kiwandani.”

“Hata sukari inatengenezwa kiwandani. Mbona hujipaki sukari?”

“Wapo wanaojipaka.”

“Basi dunia imekwisha,” Doña Mélida alisema, akaenda zake kukoroga maharage.

Wengi walidhani Yudelka anatafuta uzuri, na hapo walimkosea. Uzuri alikuwa nao wa kumtosha, na mume aliyekuwa anamsifu mpaka mbele ya padri. Alichokuwa anakitafuta ni watu wasimuulize.

Alipokuwa na mimba alitokwa na madoa mapana ya rangi ya kahawa. Yalianzia mashavuni yakapanda mpaka kwenye paji, na mengine yakakaa juu ya mdomo kama masharubu ya mvulana wa sekondari. Madoa hayo tunayaita kitambaa. Mjamzito akitokwa na kitambaa watu humtania, humwambia huyo tumboni ni msichana, anamwibia mama yake sura, na akizaliwa tu kitaondoka. Yudelka alicheka nao. Alijifungua mwezi wa Machi, hospitalini La Romana, na mtoto hakulia. Walimzika siku ya pili yake. Kitambaa kilibaki.

Alipomaliza arobaini alirudi kwenye meza yake nje ya shule, alikokuwa akikaanga pastelito, unga unaokunjwa na kujazwa nyama au jibini, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kunamla. Watu wa Jobo Solo walijua. Walinunua, wakainamisha macho, wakaenda. Hilo aliliweza. Kisha asubuhi moja akaja mama asiyemfahamu, amevaa sare ya hoteli, mmoja wa wale waliohamia kwenye nyumba mpya za upande wa barabara kuu. Alikuwa amemshika mkono mtoto wake wa kiume na alikuwa na uso wa mtu anayependa watu.

“Kitambaa hicho nakijua,” yule mama alisema, akimtazama Yudelka kwa upendo kabisa. “Cha kwangu kilikaa karibu mwaka. Mdogo ana miezi mingapi?”

Mtu hujibu kabla hajafikiri. “Mitatu,” Yudelka alisema.

“Umemwacha na nani?”

“Na bibi yake. Amelala.”

Yule mama alifurahi. Alinunua pastelito nyingi kuliko alizokusudia, akasema anayenyonyesha lazima asaidiwe, akaharakisha kwenda kazini. Yudelka alibaki anageuza zilizokuwa kwenye mafuta mpaka zikaungua. Kilichomtisha si kule kusema uongo. Ni kwamba kwa muda ule mfupi mtoto alikuwa amelala nyumbani kweli, na yeye akawa na furaha.

Kesho yake hakutoka, wala kesho kutwa. Alikaanga jikoni madirisha yakiwa yamefungwa, mama yake akabeba ndoo na kwenda kuuza. Yudelka alikuwa hatoki nje ila jua likishazama, na hata hapo hakufika mbali. Alifikiri mpaka akapata jibu lake: uso ndio uliomponza. Kitambaa kikitoka, hakuna atakayeuliza habari za mtoto, na asiyeulizwa hasemi uongo. Hivyo ndivyo alivyojipangia, na sitamlaumu, maana wako waliojipangia mambo ya ajabu zaidi ya hayo kwa majonzi madogo zaidi.

Nurys alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyesomea mambo ya ngozi Santo Domingo kabla hajafungua saluni. Mchana saluni ile ni redio, kwa hiyo Yudelka alimwendea Nurys akiwa anafagia nywele za mwisho wa siku.

“Kwanza niambie umejipaka nini mpaka sasa,” Nurys alisema, akimgeuza uso kwenye taa. “Na usinifiche, nitaona tu.”

“Papai. Maji ya mchele. Na mkorogo alionipa Yaneris jirani.”

“Huo mkorogo katupe, sasa hivi ukifika. Unataka kuondoa doa, shosti, hutaki kuondoa uso.” Alifungua kabati, akatoa kichupa. “Hii unapaka jioni. Siyo kila siku. Mara mbili kwa wiki, kwa kuanzia. Unanawa, unajikausha kabisa, matone machache kwenye pamba, unapitisha. Usisugue. Karibu na macho usifike. Utasikia kama sisimizi wanapita. Wakianza kukuuma, nawa haraka. Halafu mafuta yako mazito, unalala. Na asubuhi, nisikilize vizuri, asubuhi ni losheni ya kuzuia jua. Hata ukiwa ndani. Hata kama mvua inanyesha. Asidi inaitoa ngozi ya juu iliyokufa, kidogo kidogo, na inayobaki ni changa. Jua likiikuta changa haina kinga, kitambaa kinarudi na ndugu zake wote.”

“Itachukua muda gani?”

“Muda wake. Kwani una haraka ya kwenda wapi?”

Yudelka hakuwa na haraka ya kwenda popote, na Nurys alilijua hilo. Kwa hiyo aliongeza kwa sauti ya chini kwamba akihitaji kuja, aje hata mchana, atafukuza watu wote saluni hata kama wana rola kichwani.

Yudelka alifuata kila alichoambiwa, isipokuwa kwamba yeye ni mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu hawezi kuacha ndimu. Sisi ndimu tunaikamulia samaki, tunaipaka kwapani, tunamnywesha mwenye mafua na mwenye wivu. Alipoona wiki zinapita na kitambaa kiko pale pale, aliona kama asidi ya miwa inafanya kazi peke yake bila msaidizi, akaikamulia ndimu kwenye pamba. Asubuhi mashavu yalikuwa mekundu na yanabambuka. Danilo aliyefika siku hiyo alisimama mlangoni na begi lake begani, akauliza kama mafuta ya kikaango yamemrukia.

“Katika maneno yangu yote, ambayo ni mengi, na nakubali,” Nurys alimwambia, “ulisikia neno ndimu?”

“Hapana.”

“Ulisikia hata neno linalofanana na ndimu?”

“Hapana, Nurys.”

“Sasa kaa. Usipake kitu zaidi ya mafuta mazito mpaka ngozi ikusamehe. Ikishakusamehe tutaanza upya, na mimi nitakuwa bado sijakusamehe.”

Ngozi ilichukua muda kusamehe. Walianza upya. Safari hii Yudelka alitulia, na katika kutulia huko kukawa na kitu alichokipenda kuliko kichupa chenyewe. Jioni mbili katika wiki alikuwa na jambo la kufanya kwa mikono yake, polepole, mbele ya kioo, na uso wake ulikuwa kitu cha kutunzwa badala ya kitu cha kufichwa. Alipopaka losheni asubuhi alianza kuimba bila kujijua. Doña Mélida, aliyekuwa akisikiliza jikoni, hakusema neno, na kwa Doña Mélida hilo si jambo dogo.

Kufika Noeli kitambaa kilikuwa kimepungua hata mgeni asingekiona bila kuambiwa. Juu ya mdomo kilitoka chote. Kwenye mashavu kilibaki kivuli tu, cha rangi ya chai. Yudelka alianza kutoa kiti na kukaa mlangoni saa za jioni, akisalimia wapita njia. Danilo alimpiga picha, akaiweka kwenye simu yake, akawaonyesha wapishi wenzake mpaka wakamwomba awaonyeshe kitu kingine. Siku shule zitakapofunguliwa baada ya sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, Yudelka alisema, atarudi kwenye meza yake. Alijaribu hata aproni mpya.

Ndipo Doña Mélida alipoketi mezani, akajifuta mikono, akatangaza kwamba Bikira Maria wa Altagracia amemsikia, na kwa hiyo kuna nadhiri ya kuondoa.

“Nadhiri gani?” Yudelka aliuliza.

“Nilimwahidi nitakupeleka Higüey, kwenye basilika yake, kwa miguu. Kutoka mlango huu mpaka mbele yake, mchana kweupe, kichwa wazi. Tutaondoka alfajiri ya mkesha wa sikukuu yake, Januari ishirini.”

Yudelka alidhani mama anatania. Kutoka Jobo Solo mpaka Higüey ni kutembea tangu mapambazuko mpaka magharibi, na barabara yote ile kuna miti ya kuhesabu, kwingine kote ni miwa na lami. “Mama, kutwa nzima kwenye jua? Na uso huu?”

“Ndiyo nadhiri ilivyo.”

“Umemwomba aniondolee kitambaa, halafu unamlipa kwa kukirudisha?”

“Usiongee na mimi kama unaongea na wauza nguo,” Doña Mélida alisema. “Nimeshaahidi.”

“Umeahidi miguu yangu. Umeahidi uso wangu. Mimi uliniuliza lini?”

Mama alinyanyuka, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nurys aliposikia alikaa kwenye kiti cha wateja. “Kutwa nzima na ngozi changa hiyo? Si bora ulale kwenye kikaango chako mwenyewe, ujigeuze.” Akamshauri aende kwa padri, kwa sababu mapadri wana njia za kubadilisha nadhiri, wamesomea.

Padri Anselmo alikuwa mtu wa Santiago, mpole, anayependa kahawa. Alimsikiliza Yudelka sebuleni kwake, akamwambia nadhiri aliyoiweka mtu mwingine haimfungi yeye. Na kama Doña Mélida ana wasiwasi wa roho, yeye padri anaweza kumbadilishia safari iwe rozari kadhaa na kazi ya huruma. Yudelka alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alimkuta mama jikoni anamenya ndizi, akampa habari zote.

“Padri ni wa Santiago,” Doña Mélida alisema. “Anajua nini kuhusu Bikira wa Higüey?”

“Mama, ni padri.”

“Ni padri wa Santiago.”

Yudelka alishindwa kuvumilia. “Wewe hukuona nilivyoteseka na uso huu? Sasa umepona, umepona kabisa, kesho kutwa ningekuwa shuleni nakaanga na hakuna ambaye angenitazama mara mbili. Hicho tu ndicho nilichokitaka. Wewe na Bikira wako mnakuja kuniharibia.”

Doña Mélida aliweka kisu chini. “Nani kakwambia niliomba uso?”

“Uliomba nini basi?”

Mama alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Yule mama wa hoteli anaitwa Ivelisse. Alirudi pale mezani, wewe ukiwa umeshajifungia ndani. Akaniletea mfuko. Nguo za mtoto. Soksi, vikofia, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Akasema mpe binti yako, nilikuwa nimezitunza tu. Akaniuliza, mjukuu anaendeleaje?”

Yudelka alivuta kiti akakaa.

“Na mimi nikazipokea,” Doña Mélida alisema. “Nikamwambia anaendelea vizuri. Nikamwambia ananyonya sana. Nilimwambia hivyo, Yudelka, mimi niliyemvalisha yule mtoto nguo ya kuzikiwa. Niliona raha kusema.” Aliokota ganda la ndizi, akaliweka mezani. “Zile nguo nikampa Yaneris, mjukuu wake alikuwa hana kitu. Usiku nikamwambia Bikira, tumepotea wote wawili humu ndani. Mtoe binti yangu. Mtoe nje mchana, uso wazi, aweze kumwambia mtu kwamba alizaa. Ukimtoa nitakuletea kwa miguu. Ngozi sikuiomba hata kidogo. Ngozi ni kazi ya Nurys.”

“Lakini bado sijatoka. Unalipa nini?”

“Umeanza kukaa mlangoni.”

“Jioni, mama.”

“Jioni ni mwanzo. Mengine atanipa njiani.”

Shule zilifunguliwa, na Yudelka hakwenda kwenye meza yake. Kwa siku kadhaa waliongea mambo ya chumvi na gesi tu. Alikuwa na hasira na mama yake kwa sababu ya nadhiri, na hasira zaidi kwa sababu ya zile soksi, na chini ya hasira zote kulikuwa na aibu, kwa sababu alielewa vizuri sana ile raha ya kusema ananyonya sana. Jioni ya asidi ilipofika alinawa, akajikausha, akachukua pamba, kisha akabaki anajitazama kwenye kioo bila kuitumia. Uso ulikuwa safi. Hakuna mtu duniani ambaye angeutazama akadhani huyu mwanamke aliwahi kubeba mtoto. Hicho ndicho alichokuwa amekifanyia kazi miezi yote hiyo, na alipokipata aliogopa, kwa sababu akinyamaza yeye na ukinyamaza uso, nani mwingine atasema? Alilia hapo hapo, kwa sauti, hata Doña Mélida akaja akasimama nyuma yake na kumshika mabega.

“Nitakwenda,” Yudelka alisema alipoweza kusema. “Lakini kwa masharti ya Nurys.”

Masharti ya Nurys yalikuwa makali kuliko ya kanisa. Asidi iwekwe pembeni tangu siku ile, isiguse ngozi mpaka warudi na mpaka wiki ipite. Mafuta mazito asubuhi na jioni. Siku ya safari, losheni ya kuzuia jua ile yenye rangi, ipakwe nene, na irudiwe kila wakipumzika, hata kama jasho limejaa, hata kama mama anasali. “Ukiirudia mara chache nitajua,” alisema. “Nitaliona shavuni.”

Waliondoka alfajiri wakiwa na chupa za maji, mkate na jibini. Barabara ilikuwa imejaa watu wa nadhiri: wanawake wenye magauni ya magunia, wanaume wanaotembea pekupeku kwa sababu ya mguu uliopona, vijana waliokuja kwa ajili ya vijana wengine. Jua lilipopanda juu ya miwa, Yudelka aliinamisha kichwa kwa mazoea. Tangu mwezi wa Juni lilikuwa halijamgusa usoni.

Ndipo aliposikia kitu kinafunguka juu yake. Doña Mélida alikuwa amefungua mwavuli mkubwa wa zambarau, wa tangazo la duka la dawa, na ameunyanyua juu ya kichwa cha binti yake, yeye mwenyewe akiwa nje kabisa.

“Si ulisema kichwa wazi?” Yudelka aliuliza.

“Kichwa kiko wazi. Mwavuli hauko kichwani kwako, uko mkononi mwangu.”

“Bikira atakubali hilo?”

“Yeye ni mama. Usinitoe pumzi, tembea.”

Walibadilishana kuubeba, kwa sababu Yudelka hakukubali mama aungue peke yake. Mara nyingine upepo wa miwa uliupindua wakatembea bila kitu. Walirudia losheni chini ya kila mti uliojitolea, na Doña Mélida naye akapakwa kwa nguvu, akilalamika kwamba ananuka kama watalii. Mzee mmoja aliwapita akawaambia wanawake wawili wamejipaka plasta kama ukuta. “Wewe unahitaji zaidi yetu, lakini kwako tumechelewa,” Doña Mélida alimjibu, na watu waliokuwa karibu wakacheka, na Yudelka akacheka nao, uso juu. Akashtuka kwamba ameuinua, lakini hakuushusha.

Walilala kwenye uwanja wa basilika pamoja na watu wengine wote, na asubuhi wakaingia kwenye foleni. Yudelka alikuwa amepanga maneno mazito ya kumwambia Bikira. Alipofika mbele ya picha, yote yalimpotea. Alitazama ule uso mdogo wa Bikira ulioinama kumtazama mwanawe, akafungua mdomo, na mama mmoja wa huduma akamgusa bega. “Songa, mpenzi, songa, wengine wametoka mbali.” Akasonga.

“Ulimwambia nini?” Doña Mélida aliuliza nje.

“Sikuwahi.”

“Hata mimi. Nilimwambia magoti yananiuma tu.” Wakanunua kahawa, wakapanda gari la kurudi, wakalala mdomo wazi njia nzima.

Nurys alimkagua kesho yake. Kwenye shavu la kushoto, upande mwavuli ulikokuwa ukipinduka, kitambaa kilikuwa kimerudi kidogo, ukubwa wa jani la mnanaa. “Nilikwambia nitaliona,” alisema. Lakini hakugomba sana. Alisema wiki ijayo wataanza tena, mara mbili kwa wiki, na kwamba kitambaa ni mgeni wa kujirudiarudia, mtu humtoa kwa adabu kila anapokuja, bila kuvunja mlango.

Jumatatu, Yudelka alipaka losheni yake, akavaa kofia pana, akabeba ndoo mwenyewe. Doña Mélida alitaka kumsindikiza, akakatazwa. Mbele ya shule jua lilikuwa kali tayari, watoto wanasukumana, mafuta yanachemka. Wanaomjua walimsalimia kwa furaha ya kweli, na mmoja akamwambia amependeza. Alikuwa ameshauza nusu ya ndoo alipoiona ile sare ya hoteli inavuka barabara, na mkononi yule mtoto, amerefuka.

“Hatimaye,” Ivelisse alisema kwa mbali, uso wote unacheka. “Nilidhani hutarudi tena. Mdogo hajambo? Atakuwa anatambaa sasa.”

Yudelka alivua kofia. Hakujua kwa nini aliivua, labda mikono ilitaka kazi.

“Sikukwambia kweli siku ile,” alisema. “Nisamehe. Mama naye hakukwambia kweli, na nguo zako tuliwapa watu wengine. Mtoto wangu alizaliwa amekufa. Ulipomuulizia alikuwa kaburini.”

Alisubiri amwone yule mama akiinamisha macho kama wengine. Ivelisse hakuinamisha. Alimtazama Yudelka machozi yakimjaa, akamwambia mwanawe akimbilie darasani, akaweka mkoba wake chini. Kisha akazunguka meza, akamchukulia Yudelka kijiko mkononi, akaanza kuzitoa pastelito kwenye mafuta moja moja, kwa sababu zilikuwa zinaanza kuungua. Mtoto mmoja aliomba mbili za jibini, akapewa.

“Msichana au mvulana?” Ivelisse aliuliza.

“Msichana. Anaitwa Ambar.”

“Ambar,” Ivelisse alirudia, kama anavyofanya mtu anayetambulishwa kwa mgeni na hataki kulisahau jina lake. Gari la wafanyakazi wa hoteli lilipiga honi upande wa pili wa barabara. Alilipungia liende. “Alifanana na nani?”

Tangu Machi, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Yudelka alisimama katika jua, uso umelowa, losheni yote imevurugika.

“Paji la Danilo,” alisema. “Mdomo ulikuwa wangu. Na nywele, dada, ungeziona. Nywele zilikuwa nyingi.”